Imepokelewa, asante

Najua nimepotea. Wengine mmeniuliza kama nimeoa huko Muheza nikahamia moja kwa moja. Sijaoa. Nilikwenda mazoezi ya kufundisha, nikarudi chuoni salama, ila nilirudi na jambo moja moyoni ambalo sikutaka kabisa kuliandika. Leo naliandika kwa sababu mhusika mwenyewe kaniambia juzi pale kantini, "Andika kaka, na wengine wajifunze. Ila jina langu usilimalize." Basi sitalimalizia. Na mtaona huko mbele kwamba kisa chenyewe chote kiko hapo hapo, kwenye jina.

Kwa msiojua, darasa letu la ualimu tuko 214 na CR ni mimi (mlinichagua wenyewe, msilalamike). Tulipotawanyika mikoani, mratibu wa mazoezi alitaka kila Ijumaa jioni apate jedwali moja tu: nani yuko shule gani, na wiki hiyo kafundisha vipindi vingapi. Kwa jedwali hilo ndiyo anapanga wasimamizi waende wapi kutukagua. Ambaye hayumo anahesabiwa hajaripoti, na ambaye hajaripoti hapangiwi mtu. Usipokaguliwa huna alama. Huna alama, unarudia mazoezi mwaka unaofuata wakati wenzako wanapiga picha na majoho. Naomba mlishike hilo.

Mratibu alisema taarifa zije kwa barua pepe, hataki mambo ya WhatsApp ambako taarifa ya mtu inamezwa na vichekesho mia mbili. Sawa. Lakini nilipopiga hesabu nikaogopa. Barua 214, kila moja nikiifungua, niisome, ninakili kwenye Excel, tuseme dakika mbili. Ni zaidi ya saa saba. Na Ijumaa nina vipindi vinne vya Kiswahili Kidato cha Pili, umeme wa kukatika, bando la kuhesabu kwa kijiko. Ningekufa.

Hapo ndipo alipoingia rumeti wangu, anayesoma kompyuta. Sisi tunamwita Fundi. Ana seva yake ndogo ya Linux anayoikodi kwa ajili ya tovuti za wateja wake. Siku ya kufunga mabegi akaniambia, "Mwanangu, kwa nini barua zije kwako? Zipeleke kwenye skripti moja kwa moja. Wewe Ijumaa unaamka jedwali liko tayari."

Ngoja niwaeleze inavyofanya kazi, maana mimi mwenyewe nilidhani ni uchawi. Barua ya kawaida ikifika inakaa kwenye S.L.P. mpaka uende na ufunguo wako. Barua pepe ni hivyo hivyo: seva inaipokea, inaiweka kwenye sanduku lako, inakusubiri. Lakini programu inayopokea barua kwenye seva (kwa Fundi ni Postfix) inaweza kuambiwa, "Barua ya anwani hii usiiweke sandukuni. Iamshe programu fulani, umwagie barua yote mdomoni." Na amri yenyewe ni mstari mmoja tu kwenye faili la lakabu:

kazi: "|/usr/local/bin/pokea.py"

Ule mstari wima ndio bomba. Kushoto anwani, kulia programu. Barua ikiingia, pokea.py inaamka, inaisoma tangu vichwa vya juu (nani katuma, lini, mada gani) mpaka neno la mwisho, inafanya kazi yake, inalala. Ya kwangu ilikuwa inatafuta mistari minne: NAMBA, JINA, SHULE, VIPINDI. Ikiipata inaiandika kwenye hifadhidata ya SQLite, halafu inamjibu mtumaji kwa maneno mawili: "Imepokelewa, asante." Nilijifunza Python kwa siku tisa kwa ajili hiyo, mimi mwalimu wa Kiswahili! Nilijisikia kama nimeenda mwezini.

Fundi alinionya. Alinisimulia habari za Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa uzamili pale Cornell, ambaye tarehe 2 Novemba 1988 aliachia mtandaoni programu inayojisambaza yenyewe. Moja ya milango iliyopitia ilikuwa ni sendmail, programu ya barua iliyoandikwa na Eric Allman kule Berkeley. Sendmail ilikuwa na kimlango cha majaribio ambacho kikiachwa wazi, mtu wa mbali angeweza kusema barua yake haimwendei mtu, inaenda kwenye amri. Na seva ikaitekeleza hiyo amri. Yaani bomba lile lile, ila aliyelichomeka ni mgeni. Inakadiriwa kompyuta kama 6,000 ziliathirika, na wakati ule mtandao wote ulikuwa mdogo tu. Mwaka 1990 mahakama ikampa miaka mitatu ya uangalizi, saa 400 za kutumikia jamii na faini ya dola 10,050. Baadaye jamaa akawa profesa MIT. (Fundi huwa anaishia hapo kwa kicheko, kwamba kumbe kuna matumaini.)

"Funzo lake," akasema Fundi, "barua ni maneno ya mgeni. Msikilize, muandike, lakini usimruhusu akushike mkono." Nikaitikia ndiyo ndiyo. Nilidhani anazungumzia wahalifu. Sikujua mgeni anaweza kukushika mkono bila kujua, kwa jina alilopewa na babu yake.

Haya. Ijumaa ya kwanza niko Muheza, saa nne asubuhi, simu ikaanza kutetema kwenye mfuko wa suruali nikiwa mbele ya darasa. Nilipotoka nikakuta kwenye grupu wenzangu 31 wameweka skrinshoti. Kila aliyetuma taarifa karudishiwa barua ndefu ya Kiingereza iliyojaa mistari ya makosa ya Python, na katikati jina la faili langu, na mwisho wake inasema hifadhidata haiandikiki. Mtu mmoja akaandika, "CR wetu kadukuliwa." Mwingine, "CR wetu kadukua." Wakacheka mpaka jioni. Mimi sikucheka.

Sababu yake ilikuwa ndogo na inafundisha. Kabla ya kuondoka nilijaribu skripti yangu kwa mkono, ikafanya kazi safi. Lakini nilipoiita mimi, ilikimbia kwa jina langu, na mimi nina ruhusa ya kuandika kwenye lile folda. Ilipoitwa na Postfix, ilikimbia kwa jina la mtumiaji anayeitwa nobody, yaani "si mtu yeyote", ambaye makusudi kabisa hana ruhusa ya kitu. Na SQLite haitosheki na ruhusa ya faili peke yake. Inataka na ya folda, kwa sababu inapoandika huwa inaweka kijifaili cha muda pembeni. Fundi akaniwekea ruhusa sawa, dakika tano, ikaisha.

Ingeishia hapo ningekuwa salama. Lakini aibu, ndugu zangu! Zile skrinshoti ziliniuma. Nikajiapiza kwamba darasa hili halitaona tena mstari wa kosa kutoka kwangu. Nikafungua skripti usiku ule kwa hotspoti ya simu nikafanya mambo mawili. La kwanza, nikapandisha jibu la "Imepokelewa, asante" likawa la kwanza kabisa, kabla ya kazi nyingine yoyote, ili mtu ajibiwe haraka. La pili, nikaifunga kazi yote iliyobaki ndani ya try, na chini yake nikaandika except, halafu pass. Maana yake kwa Kiswahili chetu: ukikutana na tatizo lolote, kaa kimya, endelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Na mwishoni skripti inarudisha sifuri, ambayo kwa Postfix ni kusema, "Barua nimeishughulikia, unaweza kuitupa." Na Postfix inaitupa kweli. Hakuna sanduku, hakuna nakala. Si tulisema isiweke sandukuni?

Wiki ya pili kimya. Raha. Wiki ya tatu kulitokea kichekesho kimoja: mwenzetu mmoja alikuwa ameweka kwenye barua pepe yake jibu la kujiendesha, "Niko mazoezini, nitakujibu nikirudi." Skripti yangu ikamjibu imepokelewa asante, yake ikajibu niko mazoezini, yangu imepokelewa asante, yake niko mazoezini. Walipigana asante usiku kucha. Nilipoamka nilikuta wameandikiana zaidi ya mara mia tatu, kama wazee wawili wanaoshindana nani amtangulize mwenzake mlangoni. Kumbe dawa yake ipo tangu mwaka 2004: mashine inapojibu inatakiwa iweke kichwa cha Auto-Submitted, na mashine nyingine ikikiona isijibu. Nikaongeza. Nikacheka sana. Nikajiona sasa mimi nimekomaa kwenye haya mambo.

Jedwali langu lilikuwa zuri. Aliyeripoti anapakwa kijani, ambaye hajaripoti nyekundu. Kila Ijumaa saa moja jioni nampelekea mratibu, ananijibu, "Ahsante baba, kazi nzuri." Wekundu walikuwa wachache kila wiki, na wengi wao wanabadilika: leo huyu hana mtandao, wiki ijayo yule anaumwa. Lakini mmoja alikuwa mwekundu wiki zote. Huyo ni rafiki yangu, tunamwita Shangazi darasa zima kwa jinsi anavyotulea. Ndiye aliyeninunulia dawa mwaka wa kwanza nilipougua malaria bumu likiwa halijatoka. Ndiye anayetunza desa za watu wote. Alipangiwa shule moja wilaya ya Maswa, Simiyu.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo ninapojiona mdogo. Wiki ya kwanza nilipoona nyekundu nikasema mtandao. Ya pili nikasema mtandao tena. Ya tatu nikasema, na nakumbuka nilisema kwa sauti kwa mwenzangu niliyepanga naye chumba, "Shangazi naye kwa uzembe!" Sikumpigia. Sikumtumia hata ujumbe wa maandishi wa shilingi chache. Miaka miwili ya kumjua yule dada, na nikaliamini jedwali la siku tisa.

Jumatatu ya wiki ya tano, usiku, simu ikaita. Hakusalimia kama kawaida yake ya "mambo kaka". Alisema tu:

"Kaka, hivi mimi niliwakosea nini?"

"Nani? Sisi?"

"Wewe na mratibu. Shule ya jirani wamekaguliwa mara mbili. Mimi gari linapita barabarani linaenda zake. Mkuu wa shule kila siku ananiuliza, mwalimu, mgeni wako vipi? Nimechoka kumjibu."

Nikamwambia, kwa sauti ya kiongozi, "Lakini Shangazi, wewe hujaripoti tangu tumeanza."

Akanyamaza. Halafu akasema pole pole, "Nimeripoti kila Ijumaa. Na umenijibu kila Ijumaa."

Baada ya dakika kumi akanitumia. Barua nne, za wiki nne, kwa mpangilio ule ule niliowapa, bila kosa. Na chini ya kila moja jibu langu: Imepokelewa, asante. Imepokelewa, asante. Imepokelewa, asante. Imepokelewa, asante.

Sikulala. Nikampigia Fundi, tukaingia kwenye seva, tukafungua kumbukumbu za Postfix. Huko kila barua inayopita inaacha mstari wake: saa, anwani, na ilikoishia. Za Shangazi zilikuwepo zote nne, na kila moja imeandikwa imefikishwa salama kwenye amri. Seva haikuwa na hatia. Ilileta barua mlangoni kwangu, mimi nikatia saini, nikazitupa.

Kwa nini za kwake? Fundi akaondoa ule mstari wa pass, tukamwaga barua yake kwenye skripti kwa mkono. Ikalia palepale. Kosa la SQL, karibu na jina.

Jina la ukoo la Shangazi linaanza na Ng'. Mimi, kwenye skripti, nilikuwa ninaunda amri ya hifadhidata kwa kuunganisha vipande vya maneno: INSERT, halafu alama moja ya kufungua, halafu jina la mtu, halafu alama moja ya kufunga. Na alama hiyo ya kufungua na kufunga ni hii hii: '. Ni ritifaa. Kwa hiyo ikifika Ng', hifadhidata inadhani jina limeishia kwenye herufi mbili, N na g, na yote yaliyobaki ya jina lake, jina la babu yake, inayachukua kama sehemu ya amri. Haielewi, inagoma. Na mimi nimeiambia ikigoma inyamaze.

Jamani, mimi ninasomea Kiswahili! Wiki ile ile nilikuwa ubaoni Muheza ninawafundisha watoto kwamba ng' si pambo, ni sauti kamili, nazali ya kaakaa laini. Kwamba ngoa ni wivu na ng'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, na kinachotofautisha ni ritifaa tu. Niliwakata watoto alama kwa kuisahau. Kumbe na mimi nimeshika ritifaa ya mtu huku nimeigeuza amri.

Na kulikuwa na fumbo lingine: darasani tuna mwingine mwenye Ng' kwenye jina, na yeye alikuwa kijani wiki zote. Tukafungua barua yake. Anatumia simu ambayo ukiandika ritifaa inaibadilisha yenyewe kuwa ile iliyopinda, ’. Kwa macho ni kitu kimoja, kwa kompyuta ni herufi nyingine kabisa, haifungi wala haifungui chochote. Kwa hiyo yeye akapita. Shangazi alikuwa anapanda bodaboda kila Ijumaa mpaka mjini Maswa, anaandika taarifa yake kwenye kompyuta ya intaneti kafe, kwa ritifaa iliyonyooka. Yule aliyehangaika zaidi ndiye aliyeachwa nje.

Huu ndio mgeni aliyenishika mkono. Watu wabaya wanautumia mlango huo huo kwa makusudi: badala ya jina wanaandika vipande vya amri, na skripti kama ya kwangu inavipokea kama sehemu ya amri yake. Dawa yake inajulikana miaka mingi na ni rahisi mpaka inauma. Amri unaiandika peke yake, mahali pa jina unaweka alama ya kuuliza, ?, halafu jina unalikabidhi pembeni. Hifadhidata inajua hii ni amri na hili ni jina, hata jina liwe na ritifaa kumi. Nilibadilisha mistari miwili. Mistari miwili tu.

Asubuhi yake nikampigia mratibu. Nilikuwa nimeandaa maneno mazuri, kwamba mfumo ulipata hitilafu. Akapokea.

"Shikamoo Dokta."

"Marahaba baba. Mbona mapema, kuna msiba?"

Maneno yote mazuri yakanitoka. Nikamwambia ukweli, kwamba mwanafunzi wa Maswa karipoti wiki zote, barua nimezipoteza mimi, na nimemjibu kwamba nimezipata. Alikaa kimya kidogo. Nilisubiri anifokee, na ningefurahi angenifokea. Akaniuliza neno moja:

"Na wengine?"

Sikuwa nimewaza wengine. Usiku kucha nilikuwa ninamwaza Shangazi na ninajiwaza mimi. Nikarudi kwenye kumbukumbu, nikahesabu. Tangu nilipoandika ile pass, barua za taarifa zilizofikishwa kwenye skripti zilikuwa 803. Zilizomo kwenye jedwali 796. Saba zimepotea. Nne za Shangazi. Mbili za kaka mmoja ambaye jina lake halina tatizo, ila kuna wiki mbili aliandika jina la shule kwa kirefu pamoja na kijiji, na kijiji kina ng'. Yeye alikuwa kijani wiki nyingine, kwa hiyo hakuumia. Ya saba nitaisema mwishoni.

Mratibu alifanya alichoweza. Msimamizi mmoja alikuwa bado yuko upande wa Bariadi, akageuzwa njia wiki ya mwisho. Alimkagua Shangazi Alhamisi na Ijumaa, siku mbili mfululizo, wakati sisi wengine tulikaguliwa mara ya kwanza, tukasahihishwa, tukapewa wiki kadhaa za kujirekebisha ndipo mara ya pili. Yeye hakupata nafasi hiyo. Akapata B. Hakurudia mwaka, namshukuru Mungu. Lakini kila anayemjua Shangazi akiwa mbele ya darasa anajua kwamba ile si alama yake.

Aliponisimulia baadaye, hakulaumu sana. Alisema kila jioni ya wiki zile alikuwa anapiga pasi ya mkaa gauni lake lile la kijani, maana hajui mgeni atakuja lini. Alichora ngeli za nomino kwenye manila kwa kalamu za rangi, akazikunja, akazikunjua, mpaka kingo zikachakaa. "Ningejua barua haijafika," akasema, "ningepiga simu siku ile ile. Lakini si ulisema imepokelewa?"

Hilo ndilo linalonifanya niandike. Kosa la ritifaa ni kosa la ujinga, na ujinga unatibika. Zile barua mbaya za Kiingereza za wiki ya kwanza, zilizonitia aibu, ndizo zilizokuwa za kweli. Watu 31 walijua ndani ya dakika moja kwamba taarifa haijafika, wakatuma tena, yakaisha. Nilipoificha aibu yangu nyuma ya asante, mtu akakaa wiki nne na gauni lililopigwa pasi.

Kwa mnaotaka kufanya kitu kama hiki, na najua mpo, hivi ndivyo skripti ilivyo sasa. Barua ikiingia, kitu cha kwanza inahifadhiwa nzima, kama ilivyo, kwenye faili lake, kabla hatujajaribu kuielewa. Ikishindikana hata kuhifadhi, labda diski imejaa, skripti inarudisha 75 badala ya sifuri. Kwa Postfix 75 maana yake ni "siwezi sasa hivi, jaribu baadaye", na inaishika barua kwenye foleni, inajaribu tena na tena, kwa kawaida mpaka siku tano. Kwa kuwa barua moja inaweza kuja mara mbili, tunaangalia Message-ID yake isiandikwe mara mbili. Ikishahifadhiwa ndipo inasomwa na kuingizwa kwenye hifadhidata. Ikishaingia kweli, ndipo jibu linatoka, na jibu linamrudishia mtu alichoandika: namba yako hii, jina lako hili, shule hii, vipindi hivi. Akiona kimekosewa atasema. Na ikiwa skripti haikuelewa, inamwambia: "Barua yako imefika lakini sijaielewa. CR ataisoma mwenyewe leo jioni." Na CR anaisoma. Wiki nyingine ni mbili, wiki nyingine hakuna.

Fundi anasema kwa kazi ndogo kama yetu hata bomba halikuhitajika. Ungeziacha barua ziingie sandukuni kama kawaida, na skripti iamke kila baada ya dakika tano ikachungulie kwa IMAP. Skripti ikianguka, barua bado zipo sandukuni zinakusubiri. Ni kweli. Lakini nadhani hata hiyo ningeiharibu, kama ningeendelea kuogopa kuchekwa.

Nikirudi kwenye ualimu, kwa sababu ndiyo kazi nitakayoifanya. Nimeshaona darasani mwalimu anauliza "Mmeelewa?" na watoto wote "Ndiyooo mwalimu!" Ni imepokelewa asante ile ile. Mtoto wa dawati la nyuma hakuelewa kitu tangu dakika ya tatu, ila alijifunza zamani kwamba ukisema hukuelewa unachekwa. Mwisho wa muhula anakuwa mwekundu kwenye jedwali, na mwalimu anasema mzembe. Wiki yangu ya mwisho Muheza niliacha kuuliza kama wameelewa. Nikawa ninamwambia mmoja, nirudishie kwa maneno yako nilichosema. Mara ya kwanza watatu mfululizo walishindwa, na kosa lilikuwa langu, nilikuwa nimeeleza vibaya.

Sasa ile barua ya saba. Ilitoka anwani ambayo si ya mwanafunzi yeyote kwenye orodha yangu. Inawezekana mtu aliazima imeili ya ndugu yake siku moja. Inawezekana ni mtu aliyekosea anwani. Kwenye kumbukumbu imebaki anwani, saa na ukubwa tu. Maneno yenyewe hayapo popote. Nimeiandikia ile anwani mara mbili kuomba radhi na kuuliza alitaka kusema nini. Mpaka leo sijajibiwa. Na siwezi kumlaumu, kwa sababu yeye siku ile alijibiwa vizuri tu.

Haya, nisiwachoshe, kesho kuna tesi na sijapiga msuli. Mkimwona Shangazi mpeni hai, mwambieni nimeandika na jina sijalimaliza. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.